Mkusanya Saa za Wapiga Mbizi na Shuku Zake

Habari ya kifo chake nilipewa na mwanamke anayeuza maharage jirani na nyumba yangu, hapa Bulengera, mtaa wa mji wa Butembo, mashariki mwa Kongo. Hakuanza na pole. Alitazama kwanza nyuma yake, kisha akasema, kwa Kiswahili chetu ambacho mzee huitwa papa, “Ule papa wa masaa amekufa. Banasema ni ugonjwa.” Lile neno “banasema” alilitamka kama mtu anayeonja chakula ambacho hamwamini mpishi wake. Ndugu msomaji, kwetu Butembo hata mgonjwa wa miezi mingi, tuliyemwona akikonda siku hadi siku, hazikwi kabla ya kushukiwa kifo chake.

Marehemu alikuwa na duka la vipuri vya pikipiki, lakini moyo wake ulikuwa kwenye saa za zamani za wanajeshi wapiga mbizi: nzito, zenye pete inayozunguka pembeni na tarakimu zinazong’aa gizani, na nyuma ya chuma namba ya jeshi fulani la mbali. Yeye mwenyewe hakujua kuogelea. Alisema anazipenda kwa sababu zilitengenezwa kwa ajili ya mtu ambaye, saa yake ikimdanganya, hapandi tena juu. Alizinunua Kasindi, mpakani, kwa wafanyabiashara waliotoka Uganda, nyingine kwa familia za askari wastaafu. Lakini hakununua bila kuhoji. Zamani, akiwa mjini Beni, askari mmoja alimshika mkono barabarani na kumwuliza alikoitoa saa aliyoivaa: “Papa, hii saa ulitosha wapi? Ni ya ndugu yangu alikufa ku front, ku vita.” Alizuiliwa hadi jioni. Aliachiwaje, na saa ile ikaishia wapi, hakunieleza vizuri, na mpaka leo nadhani sikuambiwa yote. Ninachojua ni kwamba tangu hapo aliiona kila saa kama imevuliwa kwenye mkono wa maiti.

Siku moja nilikuwa nimeketi dukani kwake, wateja wamejaa, akaingia kijana mmoja aliyetoka Beni, ambako familia yake ilikuwa imekimbilia kutoka Eringeti kwa sababu ya vita. Alitoa saa ndani ya kitambaa. Marehemu aliigeuza, akaitazama nyuma, uso ukabadilika. Ilikuwa aina aliyoitafuta maisha yake yote.

“Ilikuwa ya nani?”

“Ya baba yangu, Papa. Alikuwa soldat ku lac,” akajibu, yaani askari wa ziwani.

“Iko na papier, hata karatasi moja?”

“Zilibakia ku nyumba. Tulikimbia.”

“Kila mutu anasema vile,” marehemu akajibu kwa sauti ya kusikika na wote. “Mwenye kuiba naye anasema ni ya baba yake. Leta mutu wa familia.”

Watu wakageuka kumtazama kijana. Akaifunga saa yake kwenye kitambaa, akatoka. Nikadhani hatutamwona tena, na nakiri nilimwona marehemu kuwa na busara. Lakini baada ya siku chache alirudi na mama yake, mwanamke mzee aliyetikiswa na pikipiki njia nzima. Hakukaa kwenye kiti alichopewa.

“Ni wewe njo unasema mutoto wangu ni muizi?”

“Mama, niliuliza tu.”

“Kuuliza gani ile, mbele ya batu?” Akatoa picha iliyofifia: mumewe kando ya ziwa, saa ile ile mkononi. “Umeona? Sasa siuzishi tena. Kwako hapana, hata tulale njaa.”

Jumapili iliyofuata marehemu aliniomba nimsindikize Beni, kwenye kanisa la Waprotestanti wanakosali wakimbizi wengi, mama yule na mwanawe miongoni mwao. Baada ya mahubiri aliomba ruhusa, akasimama. “Nilishuku huyu mutoto mbele ya batu,” akasema, “basi naomba musamaha mbele ya batu.” Mama alimpa mkono. Saa hakumpa, wala marehemu hakuiomba. Njiani nilimwuliza kama ataacha kuhoji wauzaji. “Hapana,” akasema. “Lakini nitauliza polepole, na pembeni.”

Niliyakumbuka hayo kwenye matanga, jeneza likiwa bado mbele yetu. Nyuma yangu mwanamume mmoja alimnong’oneza mwenzake kwamba saa zote zile ni za wafu, na ndizo zilizomwita marehemu kaburini. Wengine wakaitikia kwa vichwa. Katika nchi ambamo bunduki hubadilisha mikono usiku na mchana, siwezi kumlaumu mtu kwa kushuku. Shuku imetuokoa wengi. Lakini penye msiba wa wengi shuku hukua haraka kuliko mihogo, na mwenye kuipanda mara nyingi hayupo siku ya kuing’oa. Anayeshuku na aulize angali akiweza kujibiwa, na akikosea, asimame pale pale alipoaibisha mtu. Nikageuka, nikamwuliza yule bwana kama aliwahi kumwuliza marehemu juu ya saa zake.

“Hapana,” akasema.

“Basi kama umekosea,” nikamwambia, “utamuomba musamaha wapi?”

Akatazama jeneza.