Saa Kumi na Mbili ya Bibiana

Picha yake wameitundika mlangoni mwa ukumbi, kubwa kuliko mlango wenyewe, halafu yeye mwenyewe wamemfelisha. Hebu niambie kama hiyo si dharau. Bibiana alisimama chini ya lile bango pale Karatu mjini akajitazama: ameketi juu ya jiwe kule Baray, kompyuta mapajani, kitenge kichwani, mashamba ya vitunguu nyuma yake. Chini wameandika, "Masafa si kikwazo." Alitamani kulichana.

Miaka sita huyu mama, mwalimu wa darasa la pili, amesoma shahada ya ualimu kwa masafa. Asubuhi anafundisha, jioni anapanda kilima, maana kijijini kwake mtandao unapatikana juu ya jiwe lile tu, tena uketi umeligeuzia mgongo ziwa lililo kule bondeni. Mvua imempiga pale juu, nyuki wamemkimbiza pale juu. Mumewe, Patrisi, alimfungia turubai ili kompyuta isilowe. Bibiana alowe tu, yeye hana betri. Hakulalamika. Lilikuwa limebaki somo moja, na katika somo hilo imebaki ripoti ya utafiti, aitume, avae joho.

Tangazo lilikuja kwenye simu kwa Kiswahili safi: mwisho wa kutuma ni Ijumaa saa 12:00. Sasa wewe mtu wa huku, ukiona saa 12:00 unasoma nini? Kumi na mbili, jua linazama, ng'ombe wanaingia zizini. Bibiana akamaliza vipindi vyake, akapanda jiwe, akatuma saa kumi na moja jioni, akashuka anaimba. Kumbe mfumo umefungwa tangu saa sita mchana. Mtu fulani ofisini aligeuza maneno kutoka Kiingereza, saa akaisahau hukohuko. Bibiana akapewa sifuri na kuambiwa arudie mwaka.

Akaandika barua ya rufaa. Mratibu wa kituo, Mwalimu Modest, akamjibu kwa mistari miwili: mwanafunzi wa masafa anatakiwa kuwa makini na muda. Makini! Mtu aliyepanda jiwe miaka sita anafundishwa umakini na mtu wa kiti cha kuzunguka. Na haya hana, maana wiki mbili baadaye Modest huyohuyo akampigia simu kwa sauti ya kubembeleza. Chuo kinasherehekea miaka kumi ya masomo ya masafa, mgeni rasmi ni profesa kutoka makao makuu, na wewe mama ndiye mfano wetu, njoo utoe neno la shukrani. Akamtumia na kadi ya mwaliko.

Bibiana aliisoma kadi ile mara moja huku anasonya. Akaisoma tena, kidole juu ya saa iliyoandikwa. Kisha akaitia kwenye mkoba wake vizuri, isikunjamane.

Siku ya sherehe ukumbi ulijaa, pilau inanukia hadi barabarani. Modest akasifu chuo, akajisifu na yeye kidogo, akamwita Bibiana mbele. Bibiana akashika maiki.

"Shikamoo, Profesa. Kabla sijashukuru naomba kuuliza. Leo umefika hapa saa ngapi?"

"Marahaba, mwalimu. Saa nne asubuhi, kama nilivyoalikwa."

"Kadi yako imeandikwaje?"

Profesa akaitoa mfukoni, akavaa miwani. "Saa 4:00."

"Umeona 4:00, ukasoma saa nne. Hukuja saa kumi. Ofisi iliyoandika kadi hiyo ndiyo iliyoniandikia mimi Ijumaa saa 12:00. Nikatuma saa kumi na moja, nikapewa sifuri, eti siku hiyo chuo kilikuwa kinasoma saa ya Kizungu. Msinione naongea polepole, nina hasira. Mkiwa na pilau mnasoma saa kama sisi, mkishika alama zangu mnasoma nyingine?"

Modest akasogea na tabasamu la kubandika. "Mama, haya tuyaongee ofisini."

"Ofisini ulinijibu mistari miwili."

Nyuma kabisa akasimama Lekoko, mwanafunzi mwenzake wa masafa, mwalimu aliyetoka Loliondo. "Na mimi pia," akasema. "Nilituma saa kumi na nusu jioni. Nilidhani ni ujinga wangu, hata mke wangu sikumwambia." Akasimama Selina wa Olbalbal, halafu wengine wanne, wanatazamana, kila mmoja alikuwa amebeba aibu yake peke yake.

Profesa akavua miwani. "Modest, kazi zao mnazo?"

"Zipo kwenye mfumo, Profesa."

"Zilizoingia kabla ya saa kumi na mbili jioni zisahihishwe zote. Tena kazi hiyo ianze wiki hii."

Watu wakapiga makofi. Modest, jasho linamtoka, akamgeukia Bibiana. "Basi, mama, njoo Jumatatu saa nne usaini fomu."

"Saa nne ya nani?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Bibiana hakucheka. Akatoa kadi yake mkobani, akaigeuza, akampa Modest kalamu, akasimama palepale mpaka alipoandika kwa maneno, saa nne asubuhi, na sahihi yake chini. Akairudisha kadi mkobani, akaenda kukaa karibu na Lekoko. Neno la shukrani hakulitoa.