Miche yangu ya kokoa iligeuka njano ndani ya pagale: nilivyomsingizia jirani hadi nilipotazama mizizi

Jumamosi, tarehe 22 Novemba. Jua kali tangu asubuhi. Saa tisa wingu likakaa juu ya milima ya Udzungwa, mvua haikufika kwetu. Majani ya chini ya miche yameanza kuwa njano.

Wakuu, salamu kutoka Idete, bonde la Kilombero.

Mistari hiyo ya juu nimeinakili kutoka kwenye daftari langu kama ilivyo. Mimi ni mama wa nyumbani, elimu yangu darasa la saba, utaalamu sina. Mkikuta nimeteleza mnirekebishe. Ila ninayosimulia ndiyo yaliyotokea, na pale nilipokosa sitajificha.

Huku kwetu kila mtu ni mpunga. Nimezaliwa kwenye mpunga, nimeolewa kwenye mpunga. Kokoa nimeijulia kwa shangazi yangu anayekaa Mchombe, ndiye aliyenipa matunda yaliyoiva nikapata mbegu.

Baba mkwe ana nusu ekari ya mwinuko, mpunga haukubali pale. Nikamwomba nipande kokoa. Hakukataa, lakini aliweka sharti mbele ya mume wangu na mdogo wake.

"Mwisho wa Januari nitapita. Nikikuta miche hai, eneo ni lako. Nikikuta maneno, shemeji yako anapanda ufuta."

Shemeji akacheka, akasema jembe lake analinoa kabisa.

Nikajaza viriba 240, vile vya nailoni nyeusi. Udongo nikachota mbugani, ule mweusi unaonata, kwa sababu ndio unaozaa mpunga. Samadi nikapewa na jirani yetu Baba Shija, Msukuma mwenye ng'ombe wengi. Nikachanganya, nikapanda mbegu, zikaota karibu zote. Nilijiona mtu.

Sasa kosa lenyewe.

Tuna pagale letu, kuta zimesimama, bati zimefunika sehemu tu, sakafu ya saruji. Mbuzi hawaingii. Nikaona miche ikae humo ndani. Na kwa kuwa baba mkwe husema kila siku kwamba mmea ni maji, nikatandika maturubai ya kuanikia mpunga, nikapanga matofali pembeni, nikatengeneza majaruba manne kama ya shambani. Viriba sitini kila jaruba. Asubuhi namwaga maji mpaka yasimame.

Haki ya mtu nimpe. Baba mkwe alisema mmea ni maji, hakusema nijenge jaruba ndani ya nyumba. Jaruba ni akili yangu mimi.

Jaruba la mlangoni lilinikera. Turubai lake lilikuwa limetoboka, maji hayakai. Nikaliita jaruba bovu, nikawa nalimwagia mara moja na kuliacha.

Basi, tarehe hiyo 22 ndipo njano ilipoanza. Majani ya chini kwanza, ikapanda juu. Mchana miche inanyong'onyea kama ina kiu, wakati udongo umelowa. Nikaongeza maji.

Wiki iliyofuata nikafikiri ni njaa, nikaweka urea. Ncha za majani zikaungua zikawa kahawia. Mingine ikaanza kufa.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo mpaka leo linaniuma. Nilikuwa kisimani na jirani yangu Mama Anna, akaniuliza miche inaendeleaje. Nikamjibu, "Nadhani samadi ya Baba Shija ina kitu."

Nilisema nadhani. Lakini hilo nadhani lilibaki pale pale kisimani. Jumapili baada ya misa wanawake wawili wakaniuliza kama ni kweli ng'ombe wa Msukuma wana sumu. Watu waliokuwa wanachukua samadi kwake wakaacha kwenda.

Mume wangu akaniambia twende kwa mwenyekiti wa kitongoji, Baba Shija aitwe. Nikamwambia ngoja kwanza. Sikuwa na uhakika, na mtu haitwi kwa mwenyekiti kwa neno nadhani.

Nikachukua daftari nikaenda kuhesabu, jaruba kwa jaruba.

La kwanza, njano karibu lote. La pili na la tatu hivyo hivyo. La mlangoni, lile bovu, sitini zote kijani. Nilihesabu mara mbili nikidhani macho yananidanganya.

Udongo ule ule. Samadi ile ile, nilichanganya fungu moja. Mbegu za mti mmoja. Urea hapo sikuweka, ila njano ilianza kabla ya urea, daftari linasema. Kilichobaki tofauti ni maji tu.

Nikachana kiriba kimoja cha jaruba zuri. Mizizi ilikuwa myeusi, laini, ukivuta ganda linabaki mkononi, na harufu ya mtaro. Nikachana kimoja cha jaruba bovu. Mizizi myeupe, mikavu kidogo, imejaa.

Nilikaa chini kwenye saruji. Miche yangu ilikuwa inazama, na mimi ndiye niliyekuwa naizamisha kila asubuhi, kwa moyo mweupe kabisa.

Kesho yake nilienda kwa Baba Shija na ile miche miwili mkononi.

"Shikamoo Baba Shija."

"Marahaba, Mama Neema. Umekuja na kesi?"

"Nimekuja na miche. Nimekukosea."

Nikamwonyesha mizizi, nikamweleza yote, hata maneno ya kisimani. Akaigeuza geuza, akanusa, akatazama zizini kwake.

"Kwetu tulihama kutafuta maji," akasema. "Ninyi mnayafungia ndani ya nyumba."

Nikaomba radhi tena.

"Mimi nimekusamehe. Walioitwa wenye sumu ni wale kule, nenda kawaombe wenyewe."

Wakuu, nilienda mpaka kwenye lango la zizi nikawaambia ng'ombe samahani. Watoto wake walicheka mpaka wakakaa chini. Jumapili nikamwambia Mama Anna na wale wawili, mbele ya kanisa, kwamba samadi haikuwa na kosa, kosa lilikuwa langu. Mdomo ulikuwa mzito, lakini nilisema huko huko yalikofika maneno yale ya kwanza.

Kisha kazi. Nikatoa matofali, nikakunja maturubai. Nikapanga fito juu ya matofali, viriba vikakaa juu, chini hewa inapita. Miche ya majaruba yale matatu nikaihamishia kwenye udongo mwingine: wa kichanga kutoka kando ya mto, pumba za mpunga nilizozichoma zikawa nyeusi, na samadi ya Baba Shija, ile ile. Mizizi iliyooza nikaikata. Maji nikawa namwagia pale tu nikiingiza kidole nikakuta pakavu.

Miche 71 ilikufa. Siifichi. Ikabaki 169.

Katikati ya Januari nikapata hofu nyingine. Majani mapya yalitoka mekundu mekundu, laini, yananing'inia kama matambara. Nikampigia shangazi nikiwa karibu kulia.

"We mtoto, hayo ni machanga," akasema. "Kokoa huzaliwa hivyo. Toka humo ndani ukapike."

Siku nne baadaye yalikuwa kijani na yamekaza.

Jumamosi, tarehe 31 Januari, mvua ilinyesha alfajiri ikakata saa mbili. Baba mkwe akaja, shemeji nyuma yake. Nikamwambia kabla hajauliza: "Baba, niliotesha 240, nimeua 71."

Akaomba mche mmoja, akachana kiriba, akatazama ile mizizi myeupe muda mrefu.

"Haujakaa majini?"

"Haujakaa, baba."

"Kumbe," akasema. Mzee huyu amelima mpunga maisha yake yote, sijawahi kumsikia akilitamka neno hilo. "Haya, eneo lako. Mapengo weka migomba, si umesema kokoa inataka kivuli."

Shemeji akaniuliza kama zile fito naweza kumwazima. Anataka miche na yeye.

Tulipanda siku hiyo hiyo. Baba Shija alikuja na mkokoteni wake kubeba viriba bila kuitwa, na kila alipopita karibu na Mama Anna alikohoa kwa sauti.

Nilichojifunza, labda ninyi mnakijua zamani: jani likiwa njano, mbolea isubiri na jirani asubiri. Chana kiriba kimoja utazame chini. Mche ukisinyaa wakati udongo umelowa, huo hauna kiu. Na ule unaouona umekaa pahali pabaya, ukaguliwe pia.

Wenye uzoefu wa kokoa kwenye mwinuko, karibuni mseme. Je, niongeze kivuli mwaka huu au migomba inatosha? Na kama kwenye urea nilikosea zaidi ya ninavyodhani, niambieni tu, nitaandika kwenye daftari.

Jioni ile tulikula wali wa mpunga wetu, kambale wa kuchoma, na mtindi aliotuletea Baba Shija. Alisema umetoka kwa wale niliowaomba radhi.