Ndiga, Sisimizi na Majarida Mawili

Mwaka mmoja wa njaa, nikiwa mwalimu msaidizi Lindi, niliandika makala kuhusu ndiga, kiazi cha porini chenye sumu. Maarifa yote yalitoka kwa mama mkubwa, dada yake mama, aliyekuwa akilima Milola. Ndiga humenywa, hukatwa vipande vyembamba, hulowekwa mtoni siku kadhaa, kisha huanikwa kabla ya kupikwa. Mama mkubwa alikuwa na lake la ziada: kipande kimoja kiwekwe chini, na sisimizi wasipokigusa, sumu bado imo, ndiga zote zirudi mtoni. Kule Mchinga, watu wa samaki na nazi, nyumba moja ilikula ndiga isiyolowekwa vizuri, wakafa wote. Alitaka watu wa kule wajue.

Sasa niipeleke wapi? Mkuu wa shule, Mwingereza mpole, alinishauri jarida la wataalamu la Kiingereza. Makala moja humo, alisema, ingenifungulia mlango wa chuo, nami chuo nilikitaka hadi nakiota. Ila sisimizi waondolewe, wataalamu wangecheka. Lilikuwapo pia gazeti la mwezi la Kiswahili, lenye salamu, mashairi na malalamiko ya makarani, lililosomwa kwa sauti barazani, hata kule Mchinga, mpaka likachanika. Mbele ya wasomi, kuandika humo ni sawa na kutoandika.

Nilimweleza mama mkubwa.

"Hilo la Kizungu nani analisoma?"

"Wazungu, mama. Na wasomi, hata wa Ulaya."

"Wao wanakula ndiga?"

"Hawali."

"Haya," akasema, akaendelea kupepeta mtama.

Nilinuna siku nzima, maana "haya" yake haikuacha nafasi ya kubishana. Nikaandika kwa Kiswahili, sisimizi wakiwamo. Mkuu alisema nimejimaliza mwenyewe, na kuhusu chuo alisema kweli.

Mama mkubwa alifariki kabla makala haijatoka. Njaa iliporudi miaka kadhaa baadaye, nilikuwa nimehamishiwa Mchinga. Mama mwenye nyumba niliyopanga alikuwa akianua ndiga uani. Kwa makusudi nikachukua kipande, nikajifanya nataka kukitafuna. Akanipiga mkono kikaanguka.

"Mwalimu mzima! Ngoja sisimizi kwanza!"

Nikamuuliza alijifunza wapi.

"Kujifunza nini? Hapa ndivyo tunavyofanya tangu zamani."

Tukachuchumaa wote wawili, tukiwasubiri.