Siku Nilipokataa Chumba cha Maombi

Mimi sikumaliza hata shule ya musingi. Lakini muulize muntu yeyote wa Kindu: wakati wa vita, treni iliposimama, nani alileta mafuta ya mawese mpaka sokoni? Njo mimi. Nilisukuma baiskeli kutoka Kampene na mabidoni ya mafuta ambayo vijana wa leo hawawezi hata kuyainua. Kwa jasho lile nilijenga nyumba ya mabati, na wenye diplome walikuja kujikinga mvua barazani kwangu.

Katika nyumba hiyo, Jumapili moja, muchungaji wa kanisa letu na dada yangu mukubwa walikuja kunichukulia binti yangu.

Alikuwa bado mudogo, na hakusema neno. Alikaa kando ya baiskeli yangu akizungusha gurudumu la nyuma, akilisikiliza. Ukimshika ghafla, alipiga kelele mpaka majirani watoke. Leo waganga wa hospitali wanaita hali hiyo otisme, yaani usonji. Wakati ule jina lilikuwa moja tu: shetani. Muchungaji alitaka kumufungia katika chumba cha maombi, afunge kavu, bila chakula wala maji, mpaka ulimi ufunguke. Dada yangu mukubwa alikwisha kukubali kwa niaba ya ukoo.

Mke wangu alisimama na kitenge cha mutoto mkononi, tayari. Akaniambia polepole, "Baba, kama angeniita mama hata mara moja tu..."

Hapo kidogo nilegee. Lakini kiu mimi ninaijua. Kwenye njia ya Kampene niliona wanaume wenye nguvu wakianguka juu ya mizigo yao, midomo imepasuka. Na mutoto asiyesema ataombaje maji?

"Sawa," nikasema. "Tufunge wote. Mimi, muchungaji, na wewe, yaya, dada yangu. Kavu. Tuingie naye sasa hivi."

Dada akaruka. "Weye! Mimi iko na sukari!"

"Na mutoto, yeye hana mwili?"

Muchungaji akakohoa. Eti ana ibada jioni, sauti yake inataka maji.

"Basi, shetani atangoja umalize kuimba," nikasema, nikawafungulia mlango.

Mke wangu alilia, akanitupia kile kitenge.

Binti sasa ni mwanamuke muzima. Hajasema mama. Watu wangali wanakuja, na chupa za mizizi, na poda za ng'ambo. Siku hizi mke wangu njo anawapokea.

"Anaumwa wapi?" anawauliza. "Munionyeshe."

Wakikosa pa kuonyesha, anawaonyesha barabara.