Leso Iliyopauka

Nimefundisha katekisimu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na Mungu amenijalia macho yasiyochoka kusoma. Katika kusoma huko niliipenda sana rangi ya zambarau. Kwenye Maandiko huvaliwa na wafalme na matajiri wa karamu, na askari walimvika Bwana wetu kwa dhihaka. Kwenye riwaya, mtu akivikwa zambarau iliyokoza, ujue ana enzi au anaitamani. Ikipauka, mara nyingi ni ya mjane, au ya mtu aliyeshuka. Hayo yote nilikuwa nayo mdomoni mwaka huu, siku tulipokwenda mtaa wa Woodley kumposea mjukuu wangu.

Msichana alilelewa na mama yake mdogo, kwa maana mama mzazi alifariki yeye akiwa mtoto. Msemaji wa upande wetu nilikuwa mimi.

Kama ilivyo desturi, wasichana waliletwa hemani wamefunikwa leso toka kichwani hadi miguuni, ili tumtambue wetu. Mjukuu wangu akainuka. Mama mdogo akamrudisha kitini.

“Huyu anamjua hata kwa kisigino. Tunamtaka mzee mwenyewe.”

“Na akikosea?” mtu wa kwetu akauliza.

“Ataenda na huyo huyo. Hapa haturudishiwi mali.”

Hema lote likacheka. Wawili kati ya wale walioletwa walikuwa wamefunikwa zambarau: mmoja iliyokoza kama tunda lenyewe, mwingine leso nyepesi iliyofuliwa mpaka ikawa kama maua ya jakaranda yaliyolala barabarani. Asubuhi, tulipokusanyika Hurlingham, mjukuu wangu alikuwa amenidokezea kwamba mchumba wake atakuwa ndani ya zambarau. Sikuona haja ya kuuliza ipi. Sasa akanivuta mkono wa koti. Nikauchomoa.

Badala ya kunyoosha kidole tu, nikahubiri. Nikawaeleza habari za wafalme na za riwaya. Kisha nikasimama mbele ya ile leso iliyopauka.

“Na hii je? Hii ni zambarau iliyochoka. Nyumba yenye heshima haimtoi bibi arusi na kitambaa cha kupangusia meza.”

Wachache walicheka, wote wa kwetu. Nikaifunua ile iliyokoza. Ndani alikuwa jirani yao, mama wa makamo, anatafuna njugu.

“Karibu, mume wangu,” akasema.

Kicheko kilikuwa bado hakijaisha msichana alipojifunua mwenyewe. Aliikusanya ile leso kifuani, wala hakuniangalia.

“Ni ya dada yangu, mzee,” mama mdogo akasema bila ukali. “Ndiyo aliyombebea mtoto huyu mgongoni.”

Kabla wageni hawajala, msichana huulizwa kama chakula kiliwe, na akikataa, posa imekwisha. Mjomba wake akamuuliza. Hakujibu. Akamuuliza tena. Mjukuu wangu alikuwa ameinamia viatu vyake. Nilielewa kwamba angeweza kuturudisha nyumbani, na ingekuwa haki yake.

Nikainuka. Vitabu vyote nilivyosoma havikunipa neno.

“Mwanangu, nimeitukana leso ya mama yako, na nimemtukana yeye pia. Nilitaka watu waone ninavyojua. Ukisema twende, tutakwenda. Lakini kosa ni langu, si la kijana huyu.”

Hata nilipokuwa nasema hayo, niliisikia sauti yangu, bado ni ile ya mimbarini. Nikaona haya zaidi, nikakaa.

Msichana akanitazama. “Babu, umemaliza?”

“Nimemaliza.”

Akamgeukia mjomba wake. “Basi wale.”

Vigelegele vikapigwa, sahani zikaja. Nilimshukuru Mungu kwa uvumilivu wa yule mtoto, uvumilivu ambao nimewahubiria watu Kwaresima nyingi, na siku ile sikuwa nao hata kidogo.

Mjukuu wangu alinirudisha kwa gari lake. Tulipoingia Ngong Road, akapunguza mwendo.

“Babu, siku ya harusi utatusomea Neno.”

“Nitashukuru sana.”

“Kusoma tu. Bila maelezo.”

“Sawa,” nikasema, na sikuongeza kitu.