Masharti ya Kucheza Nje

Nilimpiga mara tatu kwa mpini wa reki kabla sijawaona nyuki. Naanzia hapo kwa sababu kila niliyemsimulia habari hii nilimwanzia kwenye nyuki. Watu wakanipa pole, wengine wakaniita jasiri, nami nikazipokea sifa zote bila haya. Leo sitaki pole ya mtu.

Mimi mkono wangu mwepesi, na mdomo ndio usiseme. Nimekulia Tanga kwenye nyumba ya wanawake saba, ambako ukinyamaza unalala na njaa. Ofisi yetu ilipohamishiwa Dodoma nilikuja na binti yangu wa miaka minne. Baba yake akabaki Mwanza kwenye kazi yake, akawa anakuja mwisho wa mwezi. Nikapanga nyumba njia ya Ihumwa, mtaa mpya, nyumba tatu zina watu na zilizobaki zote ni mapagala. Pagala la ubavuni kwangu lilikuwa limetelekezwa miaka, matofali yametoboka, madirisha wazi.

Dada wa kazi nilitafutiwa na mwenzangu wa ofisini. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, Mgogo, kwao ni kijiji cha ndani ukitokea Gulwe, na marehemu baba yake alikuwa mtu wa mizinga ya nyuki. Ukimuuliza kitu alikaa kwanza, akakitazama kile kitu, ndipo akajibu. Mimi nilidhani ni mzito wa akili. Nilimwambia hivyo usoni, zaidi ya mara moja.

Mwezi wa kumi na moja jua lilikuwa kali hadi mabati yakawa yanalia. Maji ya bomba yalitoka mara mbili kwa wiki, upepo ulibeba vumbi mchana kutwa, na binti yangu alijaa vipele vya joto shingo nzima. Akikaa ndani analia, akitoka nje anaungua. Nikaona niweke utaratibu. Jumapili moja nikamketisha dada kwenye kiti cha plastiki, nikasimama mbele yake kama mwalimu wa zamu, nikampa masharti ya mtoto kucheza nje.

Nilimwambia mtoto asitoke kabla ya saa kumi. Akitoka apakwe mafuta ya kukinga jua, yale niliyoagiza Dar, yananukia kama pipi. Aketi kwenye beseni la maji chini ya mwarobaini, achezee hapo, asiende kokote. Na wao wakiwa nje, mlango wa nyumba ufungwe kwa ufunguo, maana wiki ile jirani mmoja alikuwa akianika nguo mbele, huku nyuma watu wameingia wakaondoka na runinga.

Akautazama mwarobaini kwanza, kama kawaida yake. Halafu akasema, "Mama, beseni litaita nyuki. Mwezi huu wana kiu."

"Nyuki wa wapi?"

"Wapo pale kwenye pagala, wamejaa ndani ya matofali. Wanakuja bombani asubuhi. Na haya mafuta yananukia sana. Sisi nyumbani hatusogelei mizinga tumejipaka kitu."

"Wamekuuma?"

"Bado."

Akaniomba mambo matatu. Awawekee nyuki maji yao kwenye sufuria kuukuu kule mwisho wa uzio, atie na mawe wapate pa kutua. Jioni achome kinyesi kikavu cha ng'ombe kwenye kopo, moshi upite uani kidogo. Na mlango usifungwe, mtoto akiwa nje. Nilimcheka. Maji tunayanunua kwa ndoo, nikanyweshe wadudu? Moshi, na mtoto ana kifua? Nikamwambia hapa si kijijini kwenu, hapa ni mjini, na mtoto ni wangu, sina mwingine. Nikamwambia siku nikikuta umefanya vingine, utakusanya nguo zako siku hiyohiyo.

"Sawa, mama," akasema.

Alitii kila neno. Jioni nikirudi nilikuta mtoto anang'aa mafuta, beseni limejaa, mlango umefungwa, ufunguo umefungwa kwenye pindo la kanga ya dada. Nilijisifu ofisini kwamba nimempata dada anayefuata maelekezo.

Niseme na jambo jingine, ingawa halinipunguzii kosa. Tulikuwa na kundi letu akina mama kwenye simu, na kila siku mtu alituma video ya dada wa kazi anayetesa mtoto. Huyu anamkanyaga, yule anamziba pua anyamaze kulia. Nilizitazama zote, nyingine mara mbili mbili, kazini. Nikirudi nyumbani nilimvua mtoto nguo nikamkagua mwili mzima, na dada amesimama pale pale anaona.

Siku yenyewe nilitoka kazini mapema, nikachukua bodaboda. Tulipofika getini nilimsikia mtoto. Mama anajua kilio cha mwanawe, na kile kilikuwa cha mtu anayekosa pumzi. Nikasukuma geti. Nikamwona dada kalala kifudifudi juu ya binti yangu pale mlangoni, amemfunika kichwa kwa kanga, amembana chini kwa uzito wake wote, na miguu midogo ya mwanangu inarusha vumbi.

Hapo sikuona kitu kingine duniani. Reki ilikuwa imeegemea ukutani. Nikaishika nikampiga mgongoni kwa nguvu zangu zote, nikasikia mlio. Nikampiga tena. Nilikuwa namtukana matusi ambayo sijayatamka tangu nikiwa msichana. Hakugeuka, hakuinua hata mkono kujikinga, aliendelea kumbana mtoto. Hilo likanizidishia wazimu, nikampiga ya tatu karibu na shingo.

"Mama, nyuki," akasema, mdomo uko mchangani. "Kimbia."

Sikumwelewa. Nikatupa reki, nikamshika bega, nikamng'oa juu ya mwanangu kwa nguvu. Kanga ikafunguka. Ndipo nikaona kwamba mgongo wake wote, ule niliokuwa naupiga, umefunikwa na nyuki, wanatembea wamepandana, na wengine wanamshukia mtoto usoni muda uleule niliomfunua. Walitua kwenye kope, kwenye midomo, kwenye yale mafuta yangu ya Dar. Mwanangu akafungua mdomo kulia, mmoja akaingia.

Dada alininyang'anya mtoto. Naam, alininyang'anya, akanipiga kumbo nikaanguka, akamlalia tena. Na mimi sasa nikaanza kuumwa. Waliingia kwenye nywele, wakaingia masikioni wakilia humo ndani, kila mwiba ni kama kaa la moto linaloshindiliwa kwenye nyama. Nje ya geti yule wa bodaboda alikwisha kimbia, pikipiki yake imelala inaunguruma. Kwa jirani mbuzi aliyefungwa kamba alikuwa anajipigiza ukutani, anapiga kelele kama mtu. Alijipigiza mpaka akanyamaza.

"Ufunguo," dada akasema. "Umeanguka. Sioni."

Macho yake yalikuwa yamevimba yamefunga kabisa. Nilikuja kuelewa baadaye. Mtoto alimponda nyuki mmoja kwenye beseni, na nyuki akipondwa harufu yake inawaita wenzake. Dada alimkwapua akakimbilia mlangoni, mlango umefungwa kama nilivyoagiza. Akafungua pindo huku amembeba mtoto, ufunguo ukamponyoka ukazama mchangani, na nyuki wakamwahi macho. Hakubakiwa na pa kumficha isipokuwa chini ya mwili wake.

Ufunguo wangu ulikuwa mkobani. Vidole vilinigoma. Nilimwaga mkoba chini, nikaukuta, nikakosa tundu mara mbili, nikafungua, nikawaburuta wote wawili ndani kwa nguo zao. Tukajifungia chooni gizani. Nyuki tulioingia nao tuliwaua kwa kandambili, tukiwaponda kwenye ukuta, kwenye nywele, kwenye nyama zetu wenyewe. Nilimpiga dada kofi kichwani nikiua nyuki, naye akashtuka akajikunja kwenye kona. Alidhani naendelea.

Tulipowamaliza akaomba nimpe mtoto. Haoni, akampapasa uso kwa vidole, akawa anaitoa miiba kwa kuikwangua na ukucha. Nilipotaka kuifinya niivute akanizuia, akasema ukiibana unasukuma sumu. Akaikwangua mmoja mmoja, akihesabu kwa sauti. Ilikuwa tisa, mmoja kiganjani alipomponda yule nyuki, na nane ya usoni iliingia pale nilipomfunua mimi. Nayajua hayo kwa sababu mwili wote uliobaki ulikuwa safi, mweupe wa mafuta, hauna hata alama ya mwiba.

Halafu dada akatapika, akaegemea ndoo, akateleza chini.

Jirani mwenye mbuzi ndiye aliyetupeleka hospitali na gari lake, sisi tumejifunika blanketi. Mtoto alichomwa sindano, jioni akaomba soda. Dada alilazwa. Mkojo wake ulitoka mweusi, daktari akasema sumu imezidi, figo zinahangaika, tusubiri. Niliuliza tusubiri nini, akahamia kitanda kingine. Muuguzi alipomgeuza kumsafisha akauliza na hii michirizi ya mgongoni ni ya nini. Mimi nimesimama pale. Dada, uso wake umekuwa mkubwa mara mbili, mdomo haufungi, akasema, "Nilianguka kwenye ngazi."

Nyumba yangu haina ngazi. Muuguzi akaniangalia, akaandika, nami sikumsahihisha.

Siku mbili nilikwenda na kurudi hivyo. Nilimpelekea uji akashindwa kumeza. Nilikaa pembeni ya kitanda nikitafuta namna ya kuanza, nikawa namuuliza kama shuka inatosha. Niliogopa atakufa. Niliogopa pia atapona aseme, na sitadanganya hapa, kuna saa sikujua ninachoogopa zaidi.

Siku ya tatu mkojo ulianza kuwa mweupe, na mama yake akafika kwa basi la Mpwapwa. Mwanamke mrefu, mkavu, kanga mbili na kandambili za matairi. Aliulizia mpaka akanikuta kwenye benchi nje ya wodi.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu." Kiswahili chake kilitoka taratibu, akichagua maneno. Akanishika mikono yote miwili. "Asante. Wameniambia ulimleta mwenyewe, unalipia dawa, unakuja kila siku. Wapo wanaowatupa. Mungu akuzidishie."

Akaingia wodini na beseni la maji na kitambaa, kumwogesha mwanawe. Niliisikia sauti yake kupitia dirishani, akimwimbia chinichini kwa Kigogo kama anayembembeleza mtoto mchanga. Kisha ikakatika.

Alipotoka kitambaa kilikuwa bado mkononi kinadondosha maji. Akaketi pembeni yangu.

"Mimi nimeishi na nyuki maisha yangu yote," akasema. "Mume wangu walimuuma mpaka wakachoka. Nyuki hapigi mstari. Yeye anasema ameanguka. Wewe unasemaje?"

Ningeweza kuukubali ule uongo, ulikuwa umekwisha kutengenezwa na mtu mwingine, umewekwa tayari kwa ajili yangu. Nikasema, "Ni mimi. Nilimpiga kwa mpini wa reki. Amemlalia mwanangu kumkinga, mimi nikadhani anamuua. Na yeye alinionya tangu mwanzo, nikamkataza." Nikamweleza yote, beseni, mafuta, moshi, mlango, ufunguo.

Alinyanyuka. Akaweka kitambaa juu ya benchi, akakikunja vizuri. Kisha akanipiga kofi, moja, la mkono uliolima miaka hamsini. Nikaona nyota. Sikio lililokuwa limevimba kwa nyuki likapasuka, damu ikanitiririka shingoni. Wagonjwa waliokuwa wanaota jua wakageuka, mlinzi akaanza kuja. Nilimpungia mkono arudi.

Nilingoja la pili. Nadhani nililitaka. Yeye alikuwa anahema, ananitazama kama mtu aliyekumbuka kitu ghafla.

"Mtoto wako," akasema, "sasa hivi yuko na nani?"

"Kwa jirani."

"Unamjua vizuri huyo jirani?"

Nikafikiri. Nilikuwa nimezungumza naye siku tatu tu, tangu alipotupeleka hospitali na gari lake. "Hapana," nikasema.

Akaokota kitambaa chake. "Basi nenda kakae na mwanao," akasema. "Wa kwangu nitakaa naye mwenyewe." Akaingia wodini akafunga mlango.