Mshono Usio na Akiba

Iko siku moja, mwanangu, ambayo sijaisahau, wala sitaki kuisahau. Ilikuwa miaka ya tisini, mjini Kericho, nami nilikuwa na duka la kushona. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, mkono wangu ulijua kuchora, na kwaya za akina mama kutoka vijiji vya chai zilinijia niwabunie sare.

Kila mwaka wakulima walipolipwa bonasi ya chai, nilikuwa na mchoro mpya tayari. Mwaka huu kola pana, mwaka ujao kola ya kusimama. Niliwaambia, "Mama zangu, hii imepitwa. Kanisa la jirani watawacheka." Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, basi mimi nilitembea sana. Tena nilikuwa na hila: ndani ya mshono sikuacha kitambaa cha kupanulia. Mama akinenepa kidogo tu, gauni limekwisha kazi.

Siku hiyo aliingia kogo mmoja, ndivyo tunavyowaita nyanya zetu, amebeba gauni la mkaza mwanawe, Mama Cheruto. Huyo Mama Cheruto nilimjua; ndiye aliyeanzisha nyimbo katika kwaya yao. Alikuwa amejifungua, zipu ikakataa kufunga, na uwezo wa gauni jingine hakuwa nao. Wenzake wakamwambia hawezi kusimama mbele bila sare. Sasa kila Jumapili alibaki nyumbani.

Kogo aligeuza gauni ndani nje, akalilaza juu ya meza yangu.

"Kitambaa cha kupanua kiko wapi, fundi?"

"Siku hizi hatuachangi, kogo. Ni mtindo."

Akashika ubavu wa gauni lake mwenyewe. "Hii nimezalia watoto saba. Imepanuliwa mpaka imechoka kupanuliwa."

Wateja waliokuwa dukani wakacheka. Yeye hakucheka.

"Wewe unaombanga kanisani?"

"Naomba, kogo."

"Basi ukiomba, mwambie Mungu ni wewe ulimtoa huyo msichana kwa kwaya. Usimwekee shetani lawama. Shetani hana cherehani."

Nilitafuta kitambaa cha rangi ile ile, nikatia vipande ubavuni, nikampelekea Mama Cheruto kwake na kumwomba msamaha. Alipokea. Alirudi kanisani, lakini aliketi nyuma, na kwenye kwaya hakusimama tena. Maji yakimwagika hayazoleki. Nikawaeleza wale akina mama hila yangu yote, nikasema sitawachorea sare nyingine mpaka walizo nazo zichakae. Wengi walihamia kwa fundi mwingine. Niliwaacha waende.

Mwanangu, wewe unayechora leo, iwe nguo, kiti au nyumba, nisikilize. Usichore kitu ili mtu aone haya kwa kile alicho nacho. Jiulize ni nani atakayebaki nje kwa sababu ya kalamu yako, na ukimwona, futa uanze upya. Usisingizie soko, maana soko halishiki kalamu. Kristo umtumikie hapo hapo mezani pako, Jumatatu hadi Jumamosi. Na kama hilo litakupotezea mteja, mpoteze.

Mungu akupe jicho la kumwona mtu kabla ya mfuko wake, akupe na uti wa mgongo wa kusema hapana. Kazi yako iwafae hata wale ambao hutawahi kuwaona. Amina.